KONA YA HESABU: 720,720, namba isiyomnyima mtu

Kama kawaida yetu, shika kalamu na kipande cha karatasi. Asiye na karatasi achukue kijiti aandike chini kwenye vumbi, hesabu haibagui.

Tuanze na jibu la mwezi uliopita. Swali lilikuwa: ukijumlisha 1 na 2 na 3 na 4, hivyo hivyo mpaka 100, unapata ngapi? Jibu ni 5,050. Njia ya mkato ni kuzipanga mbili mbili: 1 na 100 ni 101, 2 na 99 ni 101, 3 na 98 ni 101. Jozi kama hizo ziko 50. Basi 50 mara 101 ni 5,050. Waliojumlisha moja moja mpaka mwisho wakapata 5,050 nao wamepata, ila wamechoka zaidi.

Haya, sasa ya mwezi huu. Mwezi huu tunazungumza habari za namba moja tu, lakini ni namba kubwa kidogo: laki saba na elfu ishirini, na mia saba na ishirini. Iandike: 720,720. Itazame vizuri. Ni 720 imeandikwa mara mbili.

Kwanza tujue ukubwa wake. Mtu akianza kuhesabu moja, mbili, tatu, kila sekunde namba moja, bila kula wala kulala, atafika 720,720 baada ya siku 8, saa 8 na dakika 12. Na dakika 720,720 ni siku 500 na nusu, yaani mwaka mmoja na zaidi ya miezi minne. Au fikiria uzito: gramu 720,720 ni kilo 720 na gramu 720. Magunia ya kilo 50 yanakuwa 14 kamili, na la kumi na tano linakuwa halijajaa hata nusu.

Sasa kwa nini tuipe namba hii ukurasa mzima? Kwa sababu inagawanyika vizuri kuliko namba zote tulizozizoea.

MILIONI INA SURA NZURI TU

Watu wengi tukitaka namba nzuri tunasema milioni. Milioni ni tamu kuitamka. Lakini jaribu kuigawa. Wape watu 3 shilingi milioni moja: kila mmoja 333,333, inabaki 1. Wape watu 7: kila mmoja 142,857, inabaki 1. Watu 9, inabaki 1. Watu 11, inabaki 1. Watu 13, inabaki 1. Watu 6, zinabaki 4. Watu 12, zinabaki 4. Watu 14, zinabaki 8. Watu 15, zinabaki 10. Kuanzia mtu 1 mpaka watu 16, milioni inagawanyika bila baki mara 7 tu: kwa 1, 2, 4, 5, 8, 10 na 16. Mara nyingine zote 9 inaacha baki, na baki ndo chanzo cha maneno.

Sasa chukua kilo zetu 720 na gramu 720 za maharage uzigawe kwa familia yenye watu wowote, kuanzia 1 mpaka 16. Tazama kila mtu anapata gramu ngapi:

Watu 2: gramu 360,360
Watu 3: gramu 240,240
Watu 4: gramu 180,180
Watu 5: gramu 144,144
Watu 6: gramu 120,120
Watu 7: gramu 102,960
Watu 8: gramu 90,090
Watu 9: gramu 80,080
Watu 10: gramu 72,072
Watu 11: gramu 65,520
Watu 12: gramu 60,060
Watu 13: gramu 55,440
Watu 14: gramu 51,480
Watu 15: gramu 48,048
Watu 16: gramu 45,045

Hakuna baki hata gramu moja. Usikubali tu kwa sababu imeandikwa hapa, chukua mistari miwili mitatu uizidishe mwenyewe. Kwa mfano 13 mara 55,440. Ukipata 720,720 endelea kusoma. Usipopata, rudia kuzidisha.

Na jambo la pili: hakuna namba ndogo kuliko hii inayoweza kazi hiyo. Ukitafuta kuanzia 1 kwenda juu namba inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 mpaka 16, utatembea mpaka 720,720 ndipo utaikuta ya kwanza. Walimu wa Tanzania wanaita namba ya namna hiyo Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS. Wale waliosoma Kongo au Burundi kwa Kifaransa wanaijua kwa jina la PPCM. Ni kitu kile kile. Mtoto akikuuliza PPCM na baba yake amefundishwa KDS, msigombane, mnasema jambo moja.

IMEJENGWAJE?

Mtu anaweza kusema: rahisi, zidisha 1 mara 2 mara 3 mara 4 mpaka 16, utapata namba inayogawanyika kwa zote. Ni kweli inagawanyika. Lakini utapata 20,922,789,888,000. Hiyo ni trilioni 20 na zaidi. Ni kama kununua shamba zima kwa sababu unataka muhogo mmoja.

Namba yetu inajengwa kama nyumba ya matofali, unaongeza tofali pale tu linapokosekana. Tufuatane polepole:

Anza na 2. Kwa ajili ya 3, zidisha kwa 3, unapata 6. Inakuja 4. Nne ni 2 mara 2. Kwenye 6 kuna 2 moja tayari, inakosekana moja tu. Zidisha kwa 2, unapata 12. Inakuja 5, haimo kabisa, zidisha: 60. Inakuja 6: hiyo imo tayari, 60 inagawanyika kwa 6, pita. Inakuja 7, haimo: 60 mara 7 ni 420. Inakuja 8, ni 2 mara 2 mara 2. Tunazo 2 mbili, ongeza moja: 840. Inakuja 9, ni 3 mara 3. Tunayo 3 moja, ongeza moja: 2,520. Inakuja 10: imo, pita. Inakuja 11, haimo: 27,720. Inakuja 12: imo, pita. Inakuja 13, haimo: 360,360. Kumi na nne na kumi na tano zimo, pita. Mwisho 16, inataka 2 nne na sisi tunazo tatu, ongeza moja: 720,720.

Umeona? Njiani tumeokota namba nyingine nzuri. 60 inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 mpaka 6. Watu wa Babeli wa kale walihesabu kwa mafungu ya 60, na ndiyo maana mpaka leo saa ina dakika 60: robo saa, nusu saa, theluthi ya saa, zote zinatoka kamili. 2,520 inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 mpaka 10.

Kwa hiyo matofali ya 720,720 ni haya: 2, 2, 2, 2, 3, 3, 5, 7, 11 na 13. Hizo zote ni namba tasa, yaani namba ambazo hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kila namba nzima kubwa kuliko 1 ama ni tasa yenyewe, ama imejengwa kwa namba tasa, na kwa namna moja tu. Ukijua matofali ya namba, umeijua namba yenyewe.

Je, familia ya watu 17? Hapo namba yetu inashindwa. 17 ni tasa na haimo katika matofali. Kila mtu anapata gramu 42,395 na zinabaki 5. Dawa ni ile ile, ongeza tofali: 720,720 mara 17 ni 12,252,240, na hiyo inabeba mpaka watu 18. Ukitaka mpaka 20, ongeza tofali la 19, unapata 232,792,560. Na hiyo ukiijaribu utakuta inabeba 21 na 22 pia bila kuongezewa kitu, kwa sababu 21 ni 3 mara 7 na 22 ni 2 mara 11, na matofali hayo yalikuwamo tangu zamani.

MCHEZO WA WATOTO

Watoto, hapa ndo penu. Mwambie rafiki yako afikirie namba yoyote ya tarakimu tatu, asikuonyeshe. Tuseme 358. Mwambie aiandike mara mbili mfululizo: 358,358. Agawanye kwa 7. Mwambie kwa kujiamini, "Haitabaki kitu." Atapata 51,194. Agawanye jibu kwa 11, tena hakuna baki: 4,654. Agawanye kwa 13. Anapata 358, namba yake mwenyewe! Atakuona mganga.

Siri iko hapa. 7 mara 11 ni 77, na 77 mara 13 ni 1,001. Kuandika namba ya tarakimu tatu mara mbili ni sawa na kuizidisha kwa 1,001, kwa kuwa 358 mara 1,000 ni 358,000, ukiongeza 358 unapata 358,358. Basi 7, 11 na 13 zimo ndani hata kabla hujaanza kugawanya. Na ndiyo maana namba yetu ina sura ile ya kujirudia: ni 720 mara 1,001.

Siri hiyo inatupa kipimo kizuri. Kujua kama namba inagawanyika kwa 2, 3, 5 au 9 ni rahisi, shuleni wanafundisha. Lakini 7, 11 na 13 ni korofi. Fanya hivi: igawe namba katika mafungu ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa fungu moja kutoka jingine. Mfano 45,318. Mafungu ni 45 na 318. 318 toa 45 ni 273. Sasa uliza habari za 273 peke yake: 7 mara 39 ni 273, ndiyo. 13 mara 21 ni 273, ndiyo. Kwa 11? 11 mara 24 ni 264, zinabaki 9, hapana. Basi 45,318 inagawanyika kwa 7 na kwa 13, lakini sio kwa 11. Ukifanya kwa 720,720, unapata 720 toa 720, yaani sifuri, na sifuri inagawanyika kwa zote tatu.

Nyie mnaojiandaa na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, jifunzeni kipimo hiki. Hakitaulizwa kwa jina, lakini kitawaokolea dakika.

VIGAWO 240

Kigawo ni namba inayoigawa nyingine bila baki. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, jumla 6. Je, vya 720,720 viko vingapi? Hatuhitaji kuviandika vyote. Fikiria msichana mwenye sketi 3 na blauzi 2: anaweza kuvaa kwa namna 3 mara 2, yaani 6. Vigawo navyo ni hivyo hivyo. Katika matofali ya 2 unaweza kuchukua sifuri, 1, 2, 3 au 4: namna 5. Ya 3, sifuri, 1 au 2: namna 3. La 5, unachukua au unaacha: namna 2. La 7 namna 2, la 11 namna 2, la 13 namna 2. Zidisha: 5 mara 3 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2 ni 240.

Vigawo 240! Milioni inavyo 49 tu. Hakuna namba yoyote ndogo kuliko 720,720 yenye vigawo vingi hivyo, na hata ukiendelea mpaka milioni hutakuta inayozidi 240.

Namba za aina hii, zinazozishinda kwa vigawo namba zote zilizo ndogo kuliko zenyewe, zilichunguzwa sana na Mhindi mmoja, Srinivasa Ramanujan. Inafaa vijana wetu wamjue. Alizaliwa mwaka 1887 kusini mwa India, baba yake karani katika duka la nguo. Alipenda hesabu mpaka akaacha masomo mengine, na kwa hiyo akapoteza msaada wa kulipiwa chuo. Hakupata digrii huko India. Mwaka 1912 alipata kazi ya ukarani bandarini Madras, na mwaka 1913 akaandika barua kwa mwanahisabati Hardy wa Cambridge, Uingereza, akimwonyesha hesabu alizozigundua mwenyewe. Hardy alitambua kwamba huyu si mtu wa kawaida. Mwaka 1914 Ramanujan akasafiri kwenda Uingereza, na mwaka 1915 akatoa andiko refu juu ya namba zenye vigawo vingi, pamoja na orodha yake. 720,720 imo. Alifariki mwaka 1920, akiwa na miaka 32 tu. Na kwenye orodha ile ndefu aliruka namba moja, 293,318,625,600. Hata mabingwa wanaruka. Kwa hiyo mtoto akikosa moja kati ya kumi usimpige, mwambie arudie.

MZEE PLATO NA MJI WA FAMILIA 5,040

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, huko Athens kwa Wagiriki, kulikuwa na mwalimu aliyeitwa Plato. Uzeeni aliandika kitabu juu ya sheria, na ndani yake akapanga mji wa kufikirika unaoanzishwa upya kwenye ardhi mpya. Akauliza: ziwe familia ngapi? Akajibu: 5,040.

Kwa nini? Alisema ni kwa sababu namba hiyo inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 mpaka 10, na ina vigawo 59 bila kujihesabu yenyewe. Watu wa mji watahitaji kugawana ardhi, kugawana kazi, kugawana zamu za uongozi na kodi. Aliona kwamba mji ukianza na namba mbaya, kila mgawo utaleta baki. Hata 12 inaigawa 5,040, kwa hiyo mji unagawanyika katika sehemu 12. Tatizo lake lilikuwa 11 tu. Plato akasema dawa yake ni ndogo: ondoa familia 2. Na kweli, 5,038 ni 11 mara 458.

Sasa zidisha 5,040 kwa 11 halafu kwa 13. Unapata 720,720. Namba yetu ni mjukuu wa namba ya Plato.

Sisi tunaoishi kwa blok na vijiji vya kambi tunaelewa hesabu ya mzee huyo pengine kuliko watu wengine. Mji wake ulikuwa wa kwenye kitabu, ila swali lake lipo hapa kila mwezi: kilichopo kigawanywe vipi ili pasiwe na mtu wa kunung'unika?

NYUMBANI NA KWENYE KIKUNDI

Kwa bahati mbaya vitu havitufikii kwa gramu 720,720. Vinakuja jinsi vilivyo. Kwa hiyo tujifunze mambo manne.

La kwanza, kabla ya kugawa, jiulize unagawa kwa nini: kwa nyumba au kwa watu? Tuseme familia tatu zimepewa gunia moja la kilo 50 wagawane. Ya kwanza ina watu 3, ya pili 5, ya tatu 8. Mkigawa kwa nyumba, kila nyumba inapata gramu 16,666 na zinabaki 2. Inaonekana sawa. Lakini kwenye nyumba ya watu 3 kila mtu ana zaidi ya kilo 5 na nusu, na kwenye nyumba ya watu 8 kila mtu ana kilo 2 na kidogo. Mizani imelingana, haki haipo. Sasa hesabu watu: 3 na 5 na 8 ni 16. Gramu 50,000 gawanya kwa 16 ni 3,125, bila baki. Nyumba ya kwanza gramu 9,375, ya pili 15,625, ya tatu 25,000. Jumlisha uone kama hazirudi 50,000.

La pili, kipimo kikiwa kidogo, baki huwa dogo. Kilo 50 kwa watu 7, mkipima kwa kilo, kila mtu kilo 7, inabaki kilo nzima. Watu wataanza kuitazama kilo hiyo. Mkipima kwa kikopo cha gramu 100, vikopo viko 500, kila mtu 71, vinabaki 3. Sasa mnabishania gramu 300 badala ya 1,000. Tafuteni kikopo kidogo.

La tatu, akina mama wa vikundi vya kuweka akiba, hili lenu. Mko 13, mmevunja sanduku, mna shilingi 500,000. Kwa hesabu ya karatasi kila mmoja anapata 38,461 na zinabaki 7. Lakini shilingi moja moja mtaitoa wapi? Ikiwa sarafu ndogo mliyonayo ni ya 50, kila mmoja apewe 38,450. Hiyo ni 499,850. Zinabaki 150. Hizo 150 za nani? Ukiuliza swali hilo siku ya kugawana, pesa ziko mezani na watu wamesimama, patakuwa na ugomvi. Liulizeni siku ya kwanza, sanduku likiwa tupu, mwandike kwenye daftari: baki litabaki sandukuni, au litanunua daftari jipya, au vyovyote mtakavyokubaliana. Kikundi hakivunjwi na laki tano. Kinavunjwa na mia na hamsini ambazo hakuna aliyezisemea.

La nne ni zito zaidi. Tuchukue mfano wa familia ya watu 7 inayopokea chakula cha siku 28. Mtoto anazaliwa, au mama mdogo anafika na kukaa nao, wanakuwa 8. Kadi bado inasoma 7. Kwenye sufuria hakuna anayeambiwa wewe hujaandikwa, wote wanakula. Basi fanya hesabu: 28 mara 7 ni 196, hayo ndiyo mafungu ya siku yaliyomo ndani ya gunia. Gawanya kwa midomo 8, unapata 24 na nusu. Chakula cha siku 28 kinaisha siku ya 24 na nusu. Siku tatu na nusu za mwisho hazina kitu. Watu watasema mama hajui kupanga chakula, au kuna mtu anaiba usiku. Hakuna mwizi hapo, ni 7 na 8.

Kwa hiyo mtoto akizaliwa, msikae nyumbani mkingoja mpaka arobaini ipite. Chukueni karatasi ya kliniki mkaandikishe mapema. Na jina likichelewa kutokea, jueni kwamba mpaka litakapotokea mgawo wenu wa siku ni sehemu 7 kati ya 8. Pimeni hivyo tangu siku ya kwanza, kidogo kidogo kwa kila mtu, kuliko kushiba wiki tatu na kulala njaa mwishoni.

Tena mzazi ambaye hakusoma asione haya kumpa mtoto wake kazi hii. Mwambie binti au kijana wako wa darasa la nne, "Mwanangu, nipigie hesabu ya gunia hili." Atajifunza kugawanya kuliko kwa mazoezi kumi ya ubaoni, na wewe utajua kinachokuhusu.

MASWALI YA MWEZI HUU

1. Kwa watoto: bila kugawanya moja kwa moja, tumia kipimo cha mafungu ya tarakimu tatu. Je, 91,273 inagawanyika kwa 7? Kwa 11? Kwa 13?

2. Kwa vijana, fumbo la kale: mama ana kikapu cha mayai. Akiyatoa mawili mawili, linabaki 1. Matatu matatu, linabaki 1. Manne manne, linabaki 1. Matano matano, linabaki 1. Sita sita, linabaki 1. Akiyatoa saba saba, halibaki hata moja. Kikapu kina mayai mangapi, kwa uchache? Dokezo: kumbuka ile namba tuliyoiokota njiani, inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 mpaka 6.

3. Kwa akina mama na akina baba: kikundi cha watu 14 kina shilingi 400,000, na sarafu ndogo kuliko zote mliyonayo ni ya 50. Kila mtu apewe ngapi, na zinabaki ngapi? Na kwenye kikundi chako, mmeshaandika baki ni la nani?

Majibu tutayatoa mwezi ujao, Mungu akipenda. Jaribuni kwanza wenyewe, halafu mkalinganishe na jirani. Mkipata majibu tofauti, msishindane kwa sauti, rudieni hesabu.